Magonjwa Mawili, Bustani Moja

Jumamosi hiyo fundi bustani alikuja bila jembe.

Kitinda alimwona kutoka dirisha la jikoni. Aliingia getini mikono mitupu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, na miguuni viatu, viatu jamani, vya ngozi nyeusi vilivyong'arishwa. Wiki tisa nzima mtu huyu alikuwa akiingia na toroli, jembe, ndoo ya kumwagilia na kofia iliyolika ukingo. Leo kaja amevaa kama mtu anayekwenda kuposa, au kuzika. Kitinda hakujua ni lipi kati ya hayo mawili. Moyo wake, ambao siku hizi ulikuwa haumsikilizi hata kidogo, ukajichagulia kuposa na kuanza kwenda mbio.

"Mama! Fundi kaja."

"Ndiyo habari hiyo?" mama yake alijibu kutoka sebuleni. "Si huja kila Jumamosi? Mwambie apite huko huko nyuma."

"Kavaa vizuri."

Sebuleni kiti kikalia. "Vizuri vipi?"

"Vizuri tu, mama. Kavaa viatu."

Mama alijitokeza mlangoni, mkono mmoja kwenye goti bovu, akamtazama binti yake kwanza, ndipo akatazama nje. "Haya," alisema. "Weka maji jikoni. Na uvue hiyo aproni, umeishika kama mtoto aliyepotelewa na mama yake sokoni."

Kitinda halikuwa jina lake la cheti. Ni jina la nyumbani tu, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wa watoto sita, na wale watano waliomtangulia walikuwa wameshaoa, wameshaolewa, wameshahama, kila mmoja na mji wake na visingizio vyake vya kutokuja. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mpima macho katika duka la miwani karibu na posta, na ndiye pekee aliyebaki na mama katika nyumba ya vyumba vinne.

Nyuma ya nyumba ile ardhi iliteremka kuelekea mlango wa jikoni. Miaka yote mama aliifagia kila asubuhi mpaka ikawa tupu na safi. Magoti yalipoanza kumsumbua, fagio likaegeshwa ukutani, na mvua ya kwanza ikaleta tope mpaka chini ya jiko. Kaka mkubwa akatoa amri kwa simu: pandeni kitu kinachotambaa, kifunike udongo, mama asifagie tena maishani. Ndipo alipoletwa fundi.

Fundi aliwapandia karanga pori, mmea mfupi usiofika hata kwenye kifundo cha mguu, jamaa ya karanga lakini wenyewe hauna cha kutafuna. Unatambaa, na kila pingili inapogusa udongo inatoa mizizi na kuendelea na safari, na baadaye unachanua vijiua vya njano. Alipanda vipandikizi shubiri kwa shubiri, akipima kwa kiganja chake mwenyewe. Kitinda alisimama pembeni na sinia, akakitazama kiganja kile kikifunguka na kufumba juu ya udongo mpaka chai ikapoa.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Halafu wiki ya nne, mimea iliposhika vizuri na kuanza kutambaa, fundi alikung'uta mikono akasema kwa furaha, "Miezi miwili hivi ardhi itakuwa imefungwa. Hapo mama hamtanihitaji tena. Mmea huu kazi yake ni kumfukuza aliyeupanda."

Mama alicheka. Kitinda hakucheka. Usiku ule hakupata usingizi, na Jumatatu alfajiri, kabla ya kwenda kazini, alitoka nje na bisibisi ndogo ya kukazia miwani, ile nyembamba kama sindano, akachuchumaa nyuma ya tangi la maji, akainua kipandikizi kimoja, akakikata mizizi, akakirudisha mahali pake na kukigandamiza udongo vizuri. Ukikitazama huoni kasoro. Jumamosi fundi alikikuta kimenyauka, akakuna kichwa, akasema, "Nitarudi wiki ijayo nikiangalie." Jamani! Maneno matamu yaliyoje. Jumatatu iliyofuata Kitinda akakata mizizi ya vinne.

Tusimhukumu haraka. Mtu mzima, msomi, anayeheshimika kazini, aliyevaa koti jeupe na kuwaambia wazee wa watu wasome herufi ukutani, alikuwa anaamka alfajiri kuua majani ili mwanamume arudi kuyazika. Mwenyewe alijishangaa. Kila Jumatatu aliapa ni mara ya mwisho. Na hakuwa na hakika hata kidogo kama fundi anarudi kwa ajili yake au kwa ajili ya majani, maana mtu yule hakuwahi kumwambia neno moja la kueleweka. Alikuwa akimtazama, naam. Alimtazama sana. Lakini hata mche alikuwa akiutazama hivyo hivyo.

Mama naye hakuwa kipofu. "Nimekuona," alimwambia jioni moja, akimenya viazi.

"Umeniona nini, mama?"

"Nimekuona unavyopeleka chai. Kikombe kimoja, mikono miwili, na kanga mpya. Mwanangu, wewe umesomea macho ya watu halafu ya kwako hayaoni? Yule ni mtu wa kuchimba chimba. Leo yuko kwetu, kesho yuko kwa wengine anafukua."

"Mimi nampelekea chai tu."

"Basi kuanzia wiki ijayo chai nitapeleka mimi." Na kweli akawa anapeleka yeye, na magoti yake yale yale.

Kisha ikaja Alhamisi. Kitinda alikuwa dukani akipanga fremu kwenye kabati la kioo pale mlango uliposukumwa, na aliyeingia ni fundi, kofia mkononi, akionekana kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Dada, samahani. Nataka kupimwa macho."

"Yana nini?"

"Sijui. Kuna kitu kinaua mimea yenu na mimi sikioni. Miaka kumi na moja naifanya kazi hii, sijawahi kushindwa kuona ugonjwa. Nikasema labda macho yamenichoka."

Kitinda aliiweka chini fremu aliyoishika. Pale pale angesema. Yalikuwa maneno mawili matatu tu. Badala yake alimkalisha kwenye kiti, akazima taa ya chumba, akawasha kitochi chake cha kupimia na kusogea mpaka ukabaki upana wa kiganja kati ya uso wake na wa fundi.

"Tazama sikio langu," alisema. "Usitazame taa."

"Natazama sikio."

"Usipepese."

"Sipepesi, dada." Pumzi yake ilinukia karafuu. "Unaona nini huko ndani?"

Aliona kila kitu alichofundishwa kuona, mishipa myembamba na doa la manjano na duara safi la rangi ya chungwa, na hakuona hata chembe ya alichokuwa anakitafuta. "Macho yako hayana kasoro," alisema. Akazima kitochi. "Mazima kabisa."

Fundi hakufurahi. Alisema polepole, bado yuko gizani, "Basi kumbe si macho," akashukuru, akaenda zake. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Leo ni Jumamosi na kaja na viatu.

Walimkaribisha kibarazani nyuma ya nyumba. Alikataa kiti mara mbili, mara ya tatu akakaa ukingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona leo umependeza hivyo? Una sherehe?"

"Hapana mama. Nimekuja kuaga."

Kitinda alikuwa anamimina chai. Ikapita kikombeni ikaingia kwenye kisahani, ikamwagika mezani.

"Kuaga kwenda wapi?" mama aliuliza.

"Nimepata kibarua kwenye shamba la maua, mbali kidogo, siku nzima kwa basi. Naondoka Jumatatu alfajiri. Nimekuja kuwaomba radhi. Kazi yenu imenishinda, mama. Nimemwambia mwenzangu mmoja atakuja kuwaona, ni fundi mzuri, yeye hana mkosi huu."

"Jumatatu hii?" Kitinda alisema.

"Ndiyo dada."

"Sasa na kitalu chako? Utamwachia nani?" Alikuwa akisikia habari za kitalu hicho kila Jumamosi, jinsi alivyokianza na vipandikizi viwili ndani ya kopo bovu, jinsi kilivyojaza uwanja mzima nyuma ya chumba chake, na kwamba bustani zote alizopanda mjini zilitoka mle.

Fundi alitazama viatu vyake. "Nimekichoma."

"Umefanya nini?" Mama na binti waliuliza pamoja.

"Nimekichoma moto. Alhamisi jioni. Dada aliponiambia macho yangu mazima, nikajua basi ugonjwa umo ndani ya mimea yangu mwenyewe. Siwezi kuwapelekea watu ugonjwa majumbani kwao. Nimeng'oa yote, nimechoma, na udongo nimeumwagia dawa. Huko ninakokwenda sitapanda. Nitakuwa namwagilia tu. Afadhali."

Mama alikuwa amekiinua kikombe. Kikabaki hewani, hakikufika mdomoni wala hakikurudi mezani. Kisha aliinuka, akaingia ndani akichechemea. Kitinda alidhani ameenda kuficha furaha, akamchukia kwa muda mfupi, na papo hapo akajichukia yeye zaidi.

"Njoo nikuonyeshe," fundi alisema. "Sitaki mseme nimekimbia kazi. Njoo uone kwa macho yako ya kisomi."

Akatangulia kwenda kwenye mteremko, viatu vyake vyeusi vikimeza vumbi, akachuchumaa nyuma ya tangi.

"Ona hapa. Jani linabaki kijani siku mbili. Siku ya tatu linalegea, siku ya tano limekauka. Ukivuta linakuja lenyewe, halina mzizi hata mmoja. Nikasema ni sota, yule kiwavi anayekata mimea chini kwa chini. Nimechimba mpaka kiwiko. Sijamwona hata mmoja."

Kitinda alikitazama kile kipandikizi mkononi mwa fundi.

"Haya, huku sasa." Akaruka sehemu ya katikati, iliyokuwa imestawi na kufunga kabisa, akaenda kuchuchumaa kando ya mlango wa jikoni. "Hapa mizizi ipo, tena mizuri. Majani ndiyo yameiva. Yashike. Yameiva kama mboga, kuanzia juu kwenda chini. Magonjwa mawili, bustani moja! Moja linakata mizizi, jingine linapika majani, na katikati hapa mmea unacheka. Mimi nimewauliza mpaka mabwana shamba. Hakuna aliyewahi kusikia kitu kama hiki."

Kitinda aliyashika yale majani na kupigwa na butwaa. Huku hakuwahi kugusa. Haki ya Mungu, huku kando ya mlango hakuwahi kuweka hata kidole. Kwa sekunde kadhaa aliamini kwamba kweli kuna ugonjwa, kwamba Mungu amemletea ule wa kweli ili kumwadhibu kwa ule wa uongo. Kisha akakumbuka birika. Wiki tatu sasa kila jioni birika lilikuwa linachemka jikoni, na hakuna chai iliyokuwa inafika mezani. Alikuwa akidhani mama anakanda magoti.

Alitazama dirisha la jikoni. Pazia lilikuwa limesogea kidogo.

"Ala!" alisema peke yake.

"Nini?"

"Hapana. Hakuna." Akili ilimzunguka. Yeye alikuwa anaua kule ili mtu huyu arudi, na mama anaua huku ili mtu huyu aondoke, na wote wawili walikuwa wanaamka na kushinda na kulala nyumba moja wakiulizana, "Hivi majani haya yana nini?" Alitaka kucheka, na kicheko kilipofika kooni kikageuka kitu kingine. Kwa sababu mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa amechoma miaka yake yote, na Jumatatu anaondoka akiamini mikono yake ina mkosi. Akinyamaza, atabaki msafi na atamkosa. Akisema, atamkosa vile vile, tena kwa aibu.

Akapiga moyo konde.

"Fundi."

"Naam, dada."

"Kule nyuma ya tangi hakuna ugonjwa."

"Kuna nini?"

"Kuna mimi."

Fundi alitabasamu, kama unavyomtabasamia mtoto aliyekosea hesabu. "Wewe utakuwaje ugonjwa?"

"Nilikuwa naikata mizizi. Jumatatu alfajiri, na bisibisi ya dukani. Nainua, nakata, narudisha. Wiki tano zote hizi. Ni mimi."

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, halina kazi, kisha likaondoka. Hakuinuka. Alikaa kitako pale pale kwenye udongo na suruali yake safi.

"Kwa nini?"

"Ulisema ardhi ikifungwa hatutakuhitaji tena."

"Ndiyo, nilisema."

"Basi mimi nilikuwa nakuhitaji." Likatoka hivyo hivyo, bila pambo, na Kitinda alisikia uso unamwaka mpaka masikioni. "Nilitaka urudi. Sikujua namna nyingine."

"Alhamisi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Umeniwekea taa usoni. Umenitazama mpaka nyuma ya macho, ukaniambia niangalie sikio lako. Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Nilitaka kusema, ulimi ukanifa ganzi."

"Dada, mimi sielewi." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimuumiza Kitinda kuliko kama angefoka. "Hebu nieleze taratibu. Unaniambia unanipenda, au unaniambia nini? Maana mtu anayenipenda ndiye kanifanya nichome kitalu changu. Nimesimama pale na kiberiti nalia kama mtoto. Nimewaambia majirani ni moshi. Sasa hapa nikasirike? Nifurahi? Niseme asante?"

"Sijui," Kitinda alisema, machozi yakimtoka. "Hata mimi sielewi. Kasirika."

"Nimekasirika!"

"Basi vizuri."

"Si vizuri!" Aliinuka, akatembea hatua tatu, akarudi hatua tatu. "Unajua mmea huu ukishashika unamhitaji fundi mara ngapi? Mara moja kwa mwezi. Na hiyo mara moja ni nyingi. Sasa mimi nilikuwa nakuja kila Jumamosi kufanya nini, unadhani? Kung'oa vigugu viwili ambavyo mama angeving'oa akiwa amekaa kwenye kiti?"

Kitinda alimtazama kinywa wazi. "Wewe ndiye uliyesema lazima uje kila wiki."

"Ndiyo. Nilidanganya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe una ofisi, una koti jeupe, watu wanakuita daktari. Mimi nina ndoo. Halafu chai ikahama, ikawa inaletwa na mama, ananikalia mbele mpaka niimalize. Nikasema hawa wamenielewa na hawanitaki. Nikasema basi nitakuja tu hivi hivi, nimwone dirishani, mpaka ardhi ifunge. Kumbe wewe huku unaifungua." Alipangusa uso kwa mkono wa shati, ukabaki na alama ya udongo. "Na hapa mlangoni? Hapa ulitumia nini? Maji ya moto, sivyo? Sasa naona. Ni maji ya moto haya."

Kitinda alitazama pazia la jikoni. Lilikuwa halitikisiki.

"Ndiyo," alisema. "Na hapo ni mimi."

"Wacha uongo."

"Ni mimi nakuambia."

"Anayetaka nirudi anajificha nyuma ya tangi. Huyu wa hapa amemwaga mahali ambapo kila mgeni ataona. Huyu alitaka nionekane sifai, nifukuzwe."

"Nimesema ni mimi! Mimi ndiye mwenye makosa, yote yaweke kwangu, yaishe!"

"Maji ya moto ni yangu."

Mama alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, kashika miimo yake kwa mikono miwili.

"Mama, ingia ndani," Kitinda alisema.

"Niingie ndani niende wapi? Usinibebee, mtoto wewe, hujanizaa." Akamgeukia fundi. "Kila jioni birika moja, nikisimama hapa hapa, kwa kuwa mteremko magoti hayaniruhusu. Nilitaka mwanangu mkubwa asikie umeshindwa, akutoe."

"Nimekukosea nini, mama?" fundi aliuliza.

"Hujanikosea kitu. Hapo ndipo tabu yangu ilipo. Ungekuwa mlevi ningelala usingizi." Alilitazama geti. "Watano wametoka kwenye geti lile na masanduku. Kila mmoja alinibusu akaniambia, mama nitakuja kila mwezi. Huyu ndiye aliyebaki. Nikakuona unavyomtazama, nikamwona anavyobeba kikombe, nikasema haya, na wa sita. Ndiyo nikaanza kusema fundi wa kuchimba, hana hadhi, hana hili wala lile. Uongo mtupu. Hata angekuja waziri ningemmwagia maji ya moto."

Hakuna aliyecheka. Kitinda hakuwahi kumwona mama yake analia tangu matanga ya baba, na sasa hakujua amkasirikie au amkumbatie. Miguu ikaamua yenyewe. Alipanda ngazi za mlango wa jikoni akamshika, na mama akamwegemea kwa uzito wake wote.

"Nilidhani naua majani tu," mama alisema begani kwake. "Sikujua kuna kitalu. Mtu anayechoma mali yake ili wengine wasidhurike, na mimi nammwagia birika!"

Fundi alisimama kati ya zile sehemu mbili zilizokufa. Aliwatazama, akatazama geti, na Kitinda aliona kabisa jinsi anavyopima umbali. Hatua ishirini tu angekuwa barabarani. Kitinda hakumwita. Hakujiona ana haki ya kumwita.

"Ile ya katikati," mama alisema ghafla, akifuta pua kwa ncha ya kanga. "Ile si mimi si huyu aliyeigusa. Si ni nzima?"

"Ni nzima," fundi alisema.

"Haina ugonjwa?"

"Hakuna ugonjwa, mama. Kumbe hapajawahi kuwa na ugonjwa wowote."

"Basi ikate yote. Kaanze nayo kitalu upya."

Fundi alitazama ile sehemu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Alikuwa amesahau, na kweli usingemlaumu, kwamba kipande cha kitalu chake bado kiko hai pale, kati ya tangi na mlango wa jikoni. Alichuchumaa akainua shina moja kwa kidole. Lilikuwa na mizizi minne myeupe.

"Nikikata yote mtabaki na tope mlangoni."

"Tope nimelizoea. Kata, nimesema. Kwa umri huu sijui kuomba radhi vizuri, basi hata hili uninyime?"

Fundi aliinuka. Alitoa simu mfukoni, akaitazama muda mrefu, akabonyeza. Kitinda alisikia sauti ya mwanamume upande wa pili ikisema halo, halo.

"Bosi, habari za saa hizi. Ni yule wa Jumatatu. Wa kumwagilia." Alisikiliza. "Hapana bosi, ndicho nilichopiga kukuambia. Sitakuja. Siumwi, hapana. Wala sijapata kazi nyingine." Sauti ile ilisema maneno mengi. Fundi aliinua macho akamtazama Kitinda pale kwenye ngazi. Miaka saba Kitinda alikuwa ametazama ndani ya macho ya watu kwa mshahara, na haya hakuweza kuyasoma. Hasira ilikuwemo, aliiona, haikujificha. Kilichokuwa pamoja nayo ndicho kilichomchanganya.

"Kuna mtu hapa," fundi aliiambia simu. "Mwanamke, ndiyo. Sijui bosi, hata sijui nikuelezeje. Kaniharibia kila kitu. Lakini siwezi kuondoka nikamwacha."

Akakata simu na kuirudisha mfukoni. Mama alivuta pumzi ndefu, akasema anakwenda kutafuta mkasi, akaingia ndani na kufunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana.

Kitinda alishuka ngazi. Alisimama mbele ya fundi, karibu kama walivyokuwa kwenye kile chumba cha giza dukani, ila sasa jua lilikuwa linawaka na hakuna wa kumwambia mwenzake atazame sikio.

"Usifurahi," fundi alisema. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nyingi. Sijui nitakaa nayo muda gani."

"Kaa nayo hapa hapa," Kitinda alisema.